Naenda Montpellier Septemba: nauli ya mwanafunzi ipo, au ni kama hapa Sabasaba?

Mtoto wa Nkuhungu

Mbukwenyi wana jukwaa. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Ada imelipwa, ila chumba, chakula na nauli vyote vinatoka kwenye posho ya mwezi, na posho yenyewe haijanenepa.

Usafiri ninaoujua mimi ni huu wetu. Miaka mitatu nimesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) nikitokea Nkuhungu, gari mbili: ya kwanza mpaka Sabasaba, ya pili kupanda chuo, na hiyo ya pili haing'oki mpaka konda aone abiria wa mwisho amekunja goti. Nauli ya mwanafunzi naikumbuka enzi za sare ya sekondari. Unalipa kidogo, halafu kila akiingia mtu mzima unainuka, kama konda hajakuzuia mlangoni na ile yake ya "wanafunzi wawili tu". Nilipoingia chuo sare ikavuliwa, na punguzo likavuliwa nalo.

Sasa naomba kujua: kule mwanafunzi wa chuo anahesabiwa mwanafunzi? Nina miaka 27, natimiza 28 Novemba. Na hiyo tramu inapandwaje? Mnieleze polepole, maana chombo cha reli nilichowahi kupanda ni SGR, mara moja, Dodoma mpaka Dar kwa 31,000.

Konda Mstaafu

Kijana, hiyo ya "wanafunzi wawili tu" usiniangalie mimi, nimestaafu. Nakuonya moja: kule ukipiga kelele "shusha hapo kwenye mwembe" watakuona mgonjwa. Unabonyeza kitufe, gari linasimama kituoni. Siyo kabla, siyo mbele kidogo.

Binti wa Kondoa

Hongera mdogo wangu. Nimesoma Lille miaka miwili, huko kaskazini, kwa hiyo nitakupa nilichokiona.

Kwanza umri. Ukifika utaambiwa na kila mtu "wewe si ni mwanafunzi? Kuna bei ya wanafunzi". Usishangilie. Miji mingi ya Ufaransa ina bei ya vijana, na swali la kwanza la mashine ni mwaka wako wa kuzaliwa. Mpaka wa umri unakuta ni miaka 25 au 26, basi. Sisi tunaotoka huku tunamaliza digrii, tunajitolea ofisini miaka miwili, tunatafuta ufadhili mwingine miwili, tukifika kule tuna miaka 28 na kadi ya chuo mkononi, tunalipa kama baba mwenye watoto. Hilo liliniuma kuliko baridi. Ukikwama hapo, uliza kama mji una bei ya watu wa kipato kidogo. Strasbourg na Nantes wanayo, wanapiga hesabu ya kipato chako, na posho yako hiyo isiyonenepa hapo ndipo itakapokufaa.

Lakini wewe umeangukia pazuri! Montpellier, tangu tarehe 21 Desemba 2023, mkazi yeyote wa jiji na vitongoji vyake anapanda tramu na basi bure. Awe na miaka 27 au 57, anasoma au anauza maua. Si bure kwa mgeni, ni bure kwa mkazi, kwa hiyo unahitaji kuonyesha unakaa pale: mkataba wa chumba au barua ya hosteli, kitambulisho na picha. Ukishapewa pasi yako, tembea nayo. Ukikaguliwa huna pasi wala tiketi, ukazi wako haukusaidii. Siku za mwanzo kabla hujaipata, nunua tiketi kama mtalii.

Kuhusu tiketi ngoja nikusimulie, ingawa naona aibu. Nilikwenda kumtembelea rafiki katika mji mmoja, jina naliacha. Nikanunua tiketi kwenye mashine, nikapanda tramu, nikakaa dirishani kwa raha zangu. Wakaingia wakaguzi watatu, mmoja kila mlango. Nikawatolea tiketi yangu, mpya, haina hata mkunjo. Kumbe upya wake ndio ulikuwa kosa: sikuigonga kwenye kile kiboksi cha mlangoni. Kwao tiketi ambayo haijagongwa bado haijatumika, ni sawa na kutokuwa nayo. Nikajieleza kwa Kifaransa changu cha miezi miwili, nikaomba radhi, nikasema hata kwetu konda ndiye anayekuja kwa abiria. Faini nikalipa palepale kwa kadi, kwa sababu ukiiacha inakufuata nyumbani ikiwa imekua. Wiki ile nilikula tambi tupu.

Basi: simama kituoni na unyooshe mkono, dereva asipoona mkono anaweza kupita. Unaingia mlango wa mbele, unamsalimia dereva, unashukia nyuma. Hiyo salamu usiidharau. Ukisahau bonjour unaonekana hukulelewa, na hapo Mgogo na Mfaransa wanaelewana kabisa.

Metro ya Lille nayo ilinipa kisa. Siku ya kwanza nilikaa kiti cha mbele kabisa, naona kioo na reli, namtafuta dereva. Hayupo. Inajiendesha tangu 1983, na kituo cha pale chuoni kina jina la Profesa Gabillard, aliyeubuni mfumo huo akiwa chuo hichohicho. Nilimpigia mama simu Kondoa kumwambia. Akauliza, "Sasa ikipata pancha?"

Zabibu Chungu

Dada kasema kweli kuhusu umri, mimi yalinikuta Paris. Kuna kadi ya mwaka ya wanafunzi, Imagine R, inakaribia euro 400, unazunguka mkoa mzima wa Paris mwaka mzima. Lakini tarehe 1 Septemba uwe hujafika miaka 26. Nilikuwa na 29. Kadi ya mwezi ya watu wazima mwaka 2025 ilikuwa euro 88.80. Zidisha kwa 12 mwenyewe, mimi nimeshachoka kuzidisha. Kilichoniokoa ni kibarua: mwajiri kule analazimika kisheria kurudisha nusu ya kadi ya usafiri, na hata aliyeajiriwa saa chache ana fungu lake. Hakuna aliyeniambia, niliona kwenye karatasi ya mshahara ya mwenzangu.

Halafu Mei Mosi. Sisi siku hiyo daladala zinajaa watu wa maandamano na fulana. Kule katika miji mingi hakuna tramu wala basi linalotoka. Nilitembea saa nzima na begi.

Mtoto wa Nkuhungu

Nimesoma mara mbili, ya pili kwa sauti, nyumba nzima inasikiliza. Kwa hiyo mjini bure! Shikamoo dada.

Je, treni kutoka Paris mpaka Montpellier? Ndege inanishusha Charles de Gaulle asubuhi.

Binti wa Kondoa

Marahaba. Uwanjani penyewe kuna kituo cha TGV, zile treni za kasi za Ufaransa, na zipo zinazokwenda Montpellier moja kwa moja bila wewe kuingia Paris na mabegi. Tafuta hizo. Nunua mapema, bei ya TGV inapanda kadiri siku inavyokaribia, haina huruma ya SGR.

Na hapa sikiliza kwa makini, wewe wa Novemba: kuna kadi inaitwa Carte Avantage Jeune, euro 49 kwa mwaka, inapunguza asilimia 30 kwenye TGV. Ni ya miaka 12 hadi 27. Wewe una 27. Ukiinunua kabla ya siku yako ya kuzaliwa, inakutumikia mwaka wake wote hata ukishatimiza 28. Ukichelewa siku moja, umekuwa mzee.

Jambo jingine, Montpellier ina vituo viwili vya treni. Saint-Roch iko katikati ya mji, unatoka mlangoni tramu hii hapa. Sud de France iko nje. Soma tiketi yako usije ukashuka kwenye kiwanja kitupu ukadhani umefika Manyoni. Ukishuka Saint-Roch ulizia tramu ya laini namba 1, ya buluu yenye picha za ndege weupe. Hiyo ndiyo inayopita vyuoni.

Konda Mstaafu

Tramu ina ndege? Yangu ilikuwa na picha ya mchezaji na maandishi "Dua la Mama".

Mtoto wa Nkuhungu

Mzee umenivunja mbavu. Dada, hizo picha za pasi ni za ukubwa gani? Nataka nipige kesho hapa Majengo kabla sijasahau.

Binti wa Kondoa

Zilezile za paspoti. Piga nyingi, kule vibanda vya picha ni ghali, na kila dirisha la ofisi utakaloliendea litakuomba moja. Usicheke kwenye picha, hawataki meno.