Kuna "mwalimu" wa kompyuta hapa Mtwara mjini, namwachia Mungu tu!

Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Mkiona herufi zimerukwa mjue ni hasira. Ndiyo kwanza nimetoka pale.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa kozi ya jioni, anayevaa miwani ya jua ndani ya chumba chenye taa moja, kila ukimuuliza swali anakujibu "hiyo tutaikuta mbele". Mtwara hii yuko mmoja tu, na nasikia Lindi walishamchoka zamani.

Leo somo lilikuwa lupu, yaani kuiambia kompyuta irudie kitu kilekile tena na tena. Kaeleza kidogo, simu ikaita, katoka nje. Yaani while na for za kurudia, break ya kukatisha lupu, continue ya kuruka mzunguko, vyote kavimaliza kabla chai haijapoa! Karudi anasema kila mtu aandike programu kwa lugha ya Python, ya kuhesabu magunia kumi ya korosho. Nikaandika. Akachagua ya kwangu kuirusha kwenye projekta. Nikavuta kiti nikae vizuri, nikijua nasifiwa.

Wakuu, ukuta mzima: Gunia la 1. Gunia la 1. Gunia la 1. Gunia la 1. Inashuka mbio kuliko boda wa Magomeni mwenye abiria wa basi la alfajiri. Jamaa kavua miwani, tukayaona macho yake kwa mara ya kwanza tangu kozi ianze, akasema mbele ya watu wote, wakiwemo wale mabinti wawili wa Shangani: "Wewe kompyuta iache. Rudi kijijini ukabangue korosho." Halafu akachomoa waya ukutani.

UKABANGUE KOROSHO. Mimi! Mama yangu kabangua korosho mpaka vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda, ndiyo hela iliyonilipia kozi. Leo mtu anaila hiyo hela halafu ananiambia nikabangue!

Darasa lilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Sasa hivi naitwa Gunia la Kwanza. Kwenye grupu la darasa nimeshabandikwa jina hilo.

Na programu yangu ilikuwa sahihi! Hii hapa:

n = 1
while n <= 10:
    print("Gunia la", n)
n = n + 1

Kuongeza moja nimeongeza, mstari wa mwisho huo hapo. Sasa kosa langu liko wapi? Akabangue yeye!

Pweza wa Msimbati:
Nimewahi siti ya mbele, na bakuli la korosho. Zimebanguliwa tayari.

Binti Mikindani:
Pole kaka. Ila angalia huo mstari wa mwisho, umeanzia ukingoni kabisa. Kwenye Python kilichomo ndani ya while ni kile kilichosogezwa ndani, kawaida nafasi nne. Huo n = n + 1 wako uko nje, unasubiri lupu iishe. Na lupu haiishi mpaka n ifike 11. Wanasubiriana hao mpaka kiama. Usogeze ulingane na print, itahesabu mpaka kumi na kusimama.

Mtoa mada:
Kwa hiyo nafasi nne ndiyo nitukanwe? Hewa! Mtu mzima natukanwa kwa ajili ya hewa! Angesema "sogeza ndani" angepungukiwa nini? Kasema NIKABANGUE KOROSHO.

Mzee wa Ligula:
Gunia la Kwanza, punguza povu.

Mzee wa Ligula:
Gunia la Kwanza, punguza povu.

Mzee wa Ligula:
Samahani wakuu, nimesahau kusogeza ndani.

Chikongola Juu:
Hii chai. Mwalimu gani wa kompyuta anachomoa waya? Lupu ikikushinda unabonyeza Ctrl na C, inakatika, unaendelea na maisha.

Ng'apa Tupu:
Siyo chai, nilikuwepo. Na wewe mtoa mada usijifanye umeumia peke yako. Huo waya ulikuwa wa ekstensheni ya mstari wetu wote wa dirishani, na mimi nilikuwa sijahifadhi. Hesabu za duka la shemeji yangu zimekwenda na magunia yako! Shemeji nimwambie nini?

Mtoa mada:
Sasa mimi ndiye niliyechomoa?

Ng'apa Tupu:
Wewe ndiye uliyesababisha.

Kilwa Kivinje Asilia:
Hamjamjua huyo nyie. Sisi alitufundisha if na elif, yaani "kama" na "la sivyo, kama", kwa madaraja ya mitihani. Akaandika ubaoni kwa mbwembwe zote: if alama >= 30, D. Chini yake elif alama >= 45, C, akapanda hivyohivyo mpaka 75, A. Tukajaza alama 90, ikatoka D. Tukajaza 100, D! Darasa zima D. Kumbe kompyuta inasoma kuanzia juu, ikikuta sharti moja ni kweli inaishia hapo, mengine haiyagusi. Ilitakiwa 75 ianze. Tulipomuuliza akasema kompyuta ina virusi.

Pweza wa Msimbati:
Virusi 😂😂😂 nimemwaga korosho zote

Binti Mikindani:
Mtoa mada, kama idadi unaijua tayari achana na while. Andika for n in range(1, 11): halafu print yako chini, ndani. n inajiongeza yenyewe. Uweke 11, siyo 10, kwa sababu range huwa haifiki namba ya mwisho. Ukiweka 10 itakuhesabia magunia tisa.

Tandahimba Damu:
Haa! Leo nimemwelewa karani wetu wa ghala. Msimu uliopita nimepeleka magunia kumi, kaandika tisa. Kumbe jamaa ni range(1, 10).

Newala Kitangari:
Wa kwenu afadhali anaandika. Wetu ni ile while ya mtoa mada. Njoo kesho. Njoo kesho. Njoo kesho.

Mtoa mada:
Jamani tusitoke kwenye mada. Nimeambiwa NIKABANGUE KOROSHO. Mbele ya mabinti wa Shangani!

Shangani Mwambao:
Mmoja wa hao mabinti ni mimi. Tulikuwa tunaangalia video kwenye simu, hatukusikia alichosema. Tumekisoma hapa kwako.

Mzee wa Ligula:
Break.

Tandahimba Damu:
Newala, hela ya mwisho mlilipwa lakini? Sisi makato yalikuwa mengi kuliko korosho.

Newala Kitangari:
Tulilipwa, ila usiulize ilibaki ngapi. Nasikia salfa za kupulizia mikorosho zimeshafika Nanyamba?

Tandahimba Damu:
Zimefika. Mimi nimekwama kwenye mashine ya kupulizia, imekata mpira na ubwiri, ule ukungu wa mikorosho, umeshaanza kwenye majani machanga. Mwenye ya kukodisha aje faragha.

Ng'apa Tupu:
Ipo. Mafuta juu yako, na mpulizaji unamlisha.