Precision ya zamani yenyewe au ya marudio? Na kwani kiwanda kina haja gani ya kurudia?

NyuziNne
Wakuu salama? Niko njia panda na muuzaji ananisubiri. Nina magitaa mawili ya besi mkononi, yaani sio mkononi, machoni. Moja ni Fender Precision ya 1973, ya zamani yenyewe, imepigwa rangi upya ila muuzaji anaapa vingine vyote vilitoka nayo kiwandani, mpaka pikapu. Ya pili ni mpya ya marudio, kiwanda hichohicho wamerudia ile ya 1960. Bei hazipishani sana, hiyo rangi ndiyo imeishusha ya zamani. Mngekuwa nyie mngebeba ipi? Na swali la pembeni, hivi ni sawa kiwanda kurudia besi za babu zetu badala ya kubuni kitu kipya? Mpiga ngoma wetu anasema ni kuuza picha ya mzee kwa bei ya mzee mwenyewe.

KidoleGumba
Mkuu umeandika aya nzima hujasema la maana hata moja. Unapiga muziki gani? Sasa hivi una besi gani? Kidole au piki? Nyuzi laini au za kukwaruza? Hiyo 1973 uzito wake kilo ngapi maana za miaka ya 70 nyingine ni kama kubeba mlango. Halafu umezishika zote mbili au umeona picha tu?

MzeeJazz
Chukua ya zamani tufunge uzi. Mbao ikishakaa miaka hamsini imetulia, hakuna kiwanda kitakachokuuzia muda. Hizo za marudio siku hizi wanakukwangulia na rangi hukohuko kiwandani ili ionekane umekesha nayo jukwaani tangu ujana. Jasho la nani hilo?

DadaBesi
Mzee wangu shikamoo, ila hapo sikuachii. Kwenye uzi wa Jazz Bass, ile besi nyingine ya Fender, uliandika kwa mkono wako kwamba CBS, ile kampuni ya redio na televisheni ya Marekani, walipoinunua Fender 1965 ndio ukawa mwisho wa mambo, sasa 1973 imekuwa dhahabu lini? Si ni CBS haohao? Na hao CBS ndio waliokuwa bado wanamiliki kiwanda 1982 wakati Fender wanaanza kurudia Precision za 57 na 62 na Jazz ya 62, kwa sababu wapigaji walishachoka na za siku hizo wakawa wanazikimbilia za zamani. Kwa hiyo kurudia kwenyewe kulikuwa kama kukubali kosa. Na hayo marudio ya 82 leo yamepita miaka arobaini, watu wanayatafuta kwa tochi. Mbao zake zimetulia au bado zinasubiri ruhusa yako?

MzeeJazz
Marahaba binti yangu. Nilisema mwisho wa Jazz, sikusema Precision. Jazz ndio waliifungia shingo kwa boliti tatu miaka ya 70, Precision ilibaki na nne zake.

DadaBesi
Haya, kwa hiyo boliti moja ndio imebeba hoja yote 😂

KambaleMweusi
NyuziNne ngoja nikusimulie kabla hujatoa hela. Hilo neno "vingine vyote vilitoka nayo kiwandani" mimi limenikalia kooni mpaka leo. Niliuziwa Precision nikaambiwa ni ya 1964, kabla ya CBS, safi kabisa, na mimi kwa tamaa zangu sikufungua hata skrubu moja, niliishika tu nikapiga nyuzi ya E nikasikia kifua kinatetemeka nikalipa. Miaka miwili nikatamba nayo, kila mtu akija nyumbani lazima aonyeshwe. Siku moja nobu ya sauti ikaanza kukwaruza, ile ukizungusha inatoa kelele kama redio inatafuta stesheni, nikasema hii ni vumbi tu, nikafungua plastiki ya mbele nipulizie dawa. Nikaona mgongoni mwa potensiometa, kile kifaa kinachozungushwa na nobu, kuna namba zimegongwa, 1377633. Nikampigia picha jamaa anayejua akanijibu kwa ujumbe wa mstari mmoja, 137 ndio mtengenezaji, CTS, 76 ni mwaka, 33 ni wiki. Yaani wiki ya 33 ya 1976! Nikajipa moyo, labda potensiometa ilibadilishwa. Nikatoa boliti nne nikachomoa shingo, kisigino chake, ule mwisho unaofungwa mwilini, kimepigwa msasa mahali pa muhuri wa tarehe, peupe pe, kama mtu aliyefuta jina kwenye daftari. Na kwenye tundu la mwilini shingo inapokaa kulikuwa na kipande cha kadi kimekunjwa kuziba nafasi maana shingo na mwili havikuwa vinajuana. Kumbe nilinunua familia ya kambo. Muuzaji nilipomtafuta alikuwa na jibu moja, "wewe si uliipenda ulipoisikia?" Na kweli niliipenda, hapo ndipo inapouma. Bado ninayo na bado inalia vizuri, ila nilichokilipia ni mwaka, na mwaka haukuwepo.

Mwanagenzi01
pole sana mkuu. samahani naomba kuuliza mnaposema pikapu mnamaanisha nini maana nimesoma uzi wote najiuliza gari inahusikaje

KidoleGumba
Hahaha dogo, ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi. Nyuzi ikitikisika juu yake ndio umeme unatoka kwenda kwenye ampu. Precision zilianza 1951 na moja isiyogawanyika, 1957 ndio wakaigawa vipande viwili, kwa hiyo zote mbili za mleta mada ni za vipande viwili.

FundiLehemu
Mimi nazifungua hizi vitu kwa hiyo sina ushabiki. Ya zamani mwambie muuzaji aitoe shingo mbele yako, akikataa ondoka hata kama anakupa na ampu juu. Angalia muhuri wa kisigino, angalia namba za potensiometa kama alivyosema Kambale, na uangalie lehemu, ile ya zamani imefifia ina rangi ya risasi kavu, ukiiona inang'aa kama kijiko kipya jua mtu alipita hapo.

Ya marudio nayo usidhani haina mitego. Wakirudia sawasawa wanarudia na kero. Trasrodi, ile nondo ya ndani ya kunyooshea shingo, inazungushiwa mwisho wa shingo kwenye kisigino, kwa hiyo shingo ikipinda kidogo kabla ya shoo huingizi tu spana ukazungusha, inabidi ulegeze nyuzi zote, ufungue boliti nne, uchomoe shingo, uzungushe robo duara kwa kubahatisha, urudishe, ukaze, utyuni, na ukikuta bado unaanza upya. Nimeshawahi kufanya hivyo mara tatu kwa besi moja usiku mmoja. Kama rangi yake ni nitro, ile ya nitroselulosi ya kizamani, usiiegemeze kwenye stendi yenye mpira, ule mpira unaila rangi. Na nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa, kwa Precision ya 1960 ni pana, inchi 1 na robo tatu, aliyezoea Jazz yenye inchi 1 na nusu wiki ya kwanza atalia.

Kwa hiyo swali la kama warudie, mimi nasema warudie umbo na sauti, ila trasrodi waiweke kichwani.

MzeeJazz
Ukihamisha trasrodi hiyo sio marudio tena, ni besi mpya iliyovaa kanzu ya babu.

DadaBesi
Na mbao je mzee? Rozwudi ya Brazil biashara yake imefungwa na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na mwaka 1960 ndio iliyokuwa kwenye shingo. Kwa hiyo kwa kipimo chako hakuna marudio hata moja duniani, yote ni kanzu.

KidoleGumba
Sauti ya zamani mnayoitafuta asilimia kubwa ni nyuzi. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, alikuwa na Precision ya 62, nyuzi laini nene ambazo habadilishi mpaka zikatike, sponji chini ya kifuniko cha daraja (pale nyuzi zinapoishia mwilini), na kidole kimoja tu cha shahada. Besi hiyo iliibwa muda mfupi kabla hajafariki 1983 na watu bado wanaitafuta sauti yake madukani. Funga nyuzi laini kwenye besi yoyote ile, tia kipande cha sponji, ndio uje tuongee miaka.

FundiLehemu
Yoyote hapana mkuu. Ila nyingi ndio.

NyuziNne
Asanteni sana wakuu. Samahani kwa kuchelewa. Majibu: napiga rumba na injili, kidole, nyuzi za kukwaruza, besi niliyonayo ni ya kuazima. Ya 73 nimeishika, uzito ni mzito kweli, ya marudio nimeona picha tu. Halafu nilisahau kusema, mimi ni mashoto. Zote mbili ni za mkono wa kulia, huwa nageuza nyuzi.

KidoleGumba
ULISAHAU??

FundiLehemu
Mkuu hilo ndio lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza. Ukigeuza nyuzi nati inachongwa upya, upana wa mifereji ya E na G sio mmoja. Kwenye ya 1973 ukichonga nati umeondoa kitu kingine cha kiwandani. Na nobu zitakuwa juu, mkono wako utakuwa unazizungusha katikati ya wimbo bila kujua.

DadaBesi
Basi achana na zote utafute Höfner 500/1, ile ya umbo la fidla. Paul McCartney wa Beatles ni mashoto na alisema mwenyewe aliipenda kwa sababu imelingana pande zote, haionekani ya ajabu ukiigeuza. Aliinunua Hamburg 1961, ikaibwa 1972, ikaja kurudi mikononi mwake zaidi ya miaka hamsini baadaye. Na Höfner nao wamerudia za 61, 62 na 63.

MzeeJazz
Höfner ni nyepesi kama sanduku la viatu. Kwenye rumba itapiga kwikwi.

DadaBesi
Mzee ushawahi kuipiga?

MzeeJazz
Nimeiona.

KambaleMweusi
Haya mashahidi wa macho hao. NyuziNne mimi nakuuliza kimoja tu, shingo ya hiyo 73 umeiona ikitolewa?

NyuziNne
Hajakubali. Anasema ikichomolewa itapoteza sauti. Na sasa hivi kanipigia, kuna mtu mwingine anakuja kuiangalia kesho asubuhi.

KambaleMweusi
Huyo mtu mwingine namfahamu. Hata kwenye yangu alikuwa anakuja kesho asubuhi.

Mwanagenzi01
jamani na nyuzi laini ndio zipi