Mtoto hafanyi homuweki mpaka nimpe hela, naombeni ushauri

MamaDula: Habarini wapendwa. Kijana wangu ana miaka 8, yuko la tatu. Mwaka jana alikuwa mvivu kweli wa homuweki nikaanza kumpa jero kila akimaliza, na mwanzoni ilisaidia jamani, akitoka shule anakaa mezani mwenyewe, ila sasa hivi anadai buku na nikimwambia sina anafunga daftari. Juzi nimemwomba amsomeshe mdogo wake silabi akaniuliza "utanipa shingapi?" Roho iliniuma. Baba yake anasema nimemdekeza, dawa yake fimbo. Mi fimbo sitaki, nilichapwa sana kwenye hesabu na mpaka leo naziogopa. Nifanyeje?

BabaKaya: Samaki mkunje angali mbichi. Viwili vitatu tu vya matakoni hiyo buku ataisahau. Sisi tulichapwa na tukasoma.

TichaChaki: Mzee BabaKaya shikamoo, hapo kwenye fimbo mi sikubaliani nawe. Hata shuleni kanuni zetu Tanzania zinasema visizidi vinne tena ni mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na Kenya walipiga marufuku tangu 2001. Nafundisha la tatu na la nne mwaka wa 14 huu, mtoto anayechapwa kwa kukosa hesabu hesabu haijui vilevile, anachojifunza ni kuchungulia kwa jirani.

Mama Dula, jero haikuwa dhambi. Mtoto alikuwa hapendi kabisa, ilibidi kitu kimvute akae chini. Shida ni kwamba imekaa mwaka mzima bila kupungua na kichwani kwake homuweki imekuwa kibarua. Kuna utafiti wa Marekani wa 1973, Mark Lepper na wenzake, walichukua watoto wa chekechea ambao tayari wanapenda kuchora na maka peni, wengine wakaahidiwa cheti wakichora. Baadaye walipoachwa wacheze wanavyotaka, wale wa cheti cha kuahidiwa walichora kama nusu tu ya muda wa wenzao, ila waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupungua. Ndo maana hilo la kumsomesha mdogo wake usilitilie hela kabisa, hiyo ni kazi ya upendo, ukiilipia utaiua.

Hela usikate ghafla. Mwambie wiki hii ni siku tatu, wiki ijayo moja, halafu inaisha, na badala yake siku mojamoja asizozitegemea mpe kitu cha kuwa na wewe, achague chakula cha Jumamosi, mcheze draft, chochote. Na kila siku kaa naye dakika tano mfungue daftari pamoja, mwambie kitu ulichokiona kwa macho. Usimwambie "una akili sana". Claudia Mueller na Carol Dweck 1998 waliona watoto wa miaka kama kumi wakisifiwa akili, wakikutana na maswali magumu wanavunjika moyo na wanakimbilia marahisi, ila waliosifiwa juhudi wanaendelea. Sema "hii ya kugawanya umefuta mara mbili ukarudia mpaka ikatoka". Hapo anajua alichofanya hadi ikatoka na kesho atakifanya tena. Na kosa la leo lisahihishwe leo. Mimi darasani nina watoto 90, daftari nikizikusanya zinarudi baada ya siku nne mtoto kashasahau hata swali lilikuwa nini, kwa hiyo siku hizi nazunguka na kalamu wakiwa bado wanaandika, siwafikii wote ila niliowafikia naona tofauti kubwa sana.

MamaDula: Asante sana mwalimu, hilo la "una akili" nalisema kila siku. Na huyu mdogo wa miaka 4 je? Tukipita kwa mangi anajigaragaza chini anataka pipi, mara nyingi namnyima ila watu wakianza kututazama nanunua anyamaze.

DadaNakuru: Pole mama. Hapo pipi ndiyo inamlipa kilio, na kumpa mara mojamoja ni kubaya kuliko kumpa kila siku, maana ameshajua akikaza mwisho utachoka. Wangu alikuwa hivyo. Mwambieni kabla hamjatoka nyumbani kwamba leo hakuna pipi, akilia simama tu karibu naye bila maneno mengi, na akinyamaza hata kidogo ndipo umwongeleshe vizuri umpe mfuko abebe. Siku za kwanza atalia ZAIDI, usishtuke, ukinunua hapo umemfundisha kulia kwa nguvu mpya. Wangu ilichukua kama wiki mbili.

MamaDula: Narudi, siku ya sita leo. Mdogo jana kalia mpaka kijasho, sikununua, leo kabeba mkate mwenyewe tukapita. Mkubwa leo hakupewa kitu akanuna ila kafanya maswali sita kati ya kumi, nikamwonyesha la nne alivyopanga tarakimu vizuri, akaninyang'anya daftari akamalizia manne yaliyobaki. Mwalimu, hayo manne kakosa mawili, nimsahihishe leoleo au nimwache kwanza afurahi?

TichaChaki: Leoleo, ila mwache alitafute kosa mwenyewe. Mwambie tu "kuna mawili hayajakaa sawa", usimwonyeshe ni yapi.