Tupeane uzoefu: nyumba unayo, njia ya gari huna

Mleta mada: Wakuu, nakaa Kimara ndani, Dar es Salaam. Nyumba ya dada yangu iko ng'ambo ya korongo, hata nguo zake kambani naziona. Kwenda kwa gari lazima nitoke hadi Morogoro Road, nisogee kituo kimoja, niingie tena ndani. Mitaa yote inatokea barabara kubwa, yenyewe kwa yenyewe haikutani. Kwenu vipi?

Kibo B: Kweli tupu. Lori likinasa pale mwanzo wa mtaa, wote tumelala.

Mama J: Mmenikumbusha Madale. Uchungu ulinishika saa nane usiku, mume wangu akaita bajaji. Njia tuliyopita jana yake tukakuta ukuta, tofali tatu kwenda juu, saruji bado mbichi. Mwenye kiwanja kaanza kujenga, na sisi tulikuwa tunakatiza kwake miaka minne. Kilichobaki ni kichochoro, bajaji haipiti. Wakanibeba kwenye kiti cha plastiki hadi ilipokuwa bajaji, mume wangu na majirani wawili, tochi ya simu. Kila wakinitua nashikilia ukuta wa watu. Nilijifungulia ndani ya bajaji kabla hatujafika lami. Mtoto mzima, yuko darasa la kwanza.

Mzalendo77: Pole sana mama. Huyo mjenzi hana utu.

Fundi Rangi: Kajenga kwake! Mlaumuni aliyekata shamba bila kuacha njia, na mlionunua kwa kufuata bei poa.

Mzalendo77: Mwenye mshahara wa laki tatu akanunue Sinza, kwenye viwanja vilivyopimwa?

Mpimaji: Tusigombane. Kariakoo ilichorwa kabla watu hawajajenga: mtaa mmoja ukifungwa unakata wa pili, unatokea. Huku kwetu mashamba yalikatwa moja moja, kila muuzaji akaacha njia ya kufika kwake tu. Ubungo wamejenga daraja la juu, ila foleni ya Kimara inaanzia vichochoroni. Urasimishaji ukija, yaani kupima na kuhalalisha makazi haya yaliyojengwa bila mpango, kila mtu akubali kumega ukuta wake.

Kibo B: Ukienda kuona kiwanja, nenda na bajaji.

Fundi Rangi: Bajaji? Nenda na lori la mchanga. Zimamoto watapita wapi?

Bi Mkubwa: Njia iandikwe kwenye karatasi ya mauziano, mjumbe asaini.

Mzalendo77: Karatasi haizuii tofali. Pandeni minyaa kando ya njia leo leo.

Mleta mada: Mama J, ile njia ilifunguliwa?

Mama J: Hapana. Tunapita uani kwa mzee wa jirani. Saa nne usiku anafunga geti. Nina mimba nyingine, ufunguo wa akiba kanipa mimi.