Vishoka wa viza wa Mwanza, mmemgeuza mama mdogo wangu kuwa tapeli

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Mama mdogo wangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Biashara hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake wote. Mmoja wao kaolewa Ulaya na sasa kajifungua, anaomba mama yake aende amkande, amshikie mjukuu, halafu arudi. Viza ya kutembea tu, ile ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), isiyozidi siku 90. Kanyimwa. Nchi siitaji, kwa sababu hasira yangu ya kwanza haiwahusu wao.

Inamhusu kishoka mmoja hapa mjini, yaani wakala asiye rasmi, mwenye meza, printa na bango la "viza uhakika". Mama mdogo alipelekwa kwake na shoga yake wa kikoba, akalipa hela ambayo nikiitaja mtalia. Sasa tazameni alichofanyiwa. Kaandikiwa barua ya ajira kwamba yeye ni meneja masoko wa kampuni ambayo Mwanza nzima hakuna anayeijua. Namba ya simu kwenye barua ni ya kishoka mwenyewe, na anakiri bila aibu kwamba aliona namba ya Dar inampigia, hakupokea kwa sababu "alikuwa kwenye kikao". Kaambiwa akope hela, azitumbukize benki, achapishe taarifa ya akaunti, kisha azirudishe kwa wenyewe. Akaunti iliyokuwa imelala inaamka siku moja na mamilioni, wiki inayofuata imelala tena. Na juu ya hayo jamaa akaweka oda ya hoteli katika mji ambao binti haishi, wakati barua ya mwaliko inasema mama atalala kwa mwanae. Karatasi mbili ndani ya bahasha moja zinabishana!

Afisa anayefungua bahasha hiyo hahitaji roho mbaya ili agonge muhuri wa kunyima. Hata mimi ningenyima.

Kinachonikereketa ni kwamba maisha yake ya kweli yalitosha. Ila ni maisha ambayo mtu wa mshahara hayaelewi mpaka aelezwe. Hela ya dagaa hailali benki. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti kitu na kazi inasimama. Giza likirudi, mitumbwi inaingia ziwani na mzigo unaanza kushuka. Kwa hiyo mtaji wake unatoka kwa mkupuo kwenda kambi za visiwani, unarudi kwa mafungu, mwingi kwa simu, kutoka kwa wateja wanaopeleka mzigo Kongo, Rwanda na Burundi. Ukitazama akaunti yake ya benki utamwonea huruma. Ukitazama miamala ya simu yake ya miezi sita utamwomba mkopo. Kishoka alikuwa na hiyo taarifa ya simu mkononi akaiacha, eti "wazungu hawaitambui".

Hasira ya pili sasa, nayo ni ya ile fomu ya kunyimwa. Kwa wasioijua: nchi zote za Schengen zinatumia fomu ya aina moja, inatokana na kanuni yao ya viza ya mwaka 2009. Ina orodha ya sababu na visanduku, wanaweka tiki, basi. Mama mdogo katikiwa viwili. Kimoja kinasema kuna mashaka juu ya ukweli wa nyaraka. Kingine kinasema kuna mashaka juu ya nia yake ya kuondoka kabla viza haijaisha. Nyaraka ipi? Nia hiyo wameisoma wapi? Kimya. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, zamani ilikuwa 80, na hairudi hata ukinyimwa. Weka gharama ya kituo cha kupokea maombi, weka bima ya safari inayotakiwa kufikia angalau yuro 30,000, weka nauli ya Nyegezi hadi Dar kwenda kuchukuliwa alama za vidole, maana SGR kwetu bado hadithi. Kwa hela yote hiyo mtu hata sentensi mbili za ziada hapewi?

Na hilo la kurudi. Ana nyumba Kitangiri, vichanja vya kuanikia, watu wanaomdai na wengi zaidi anaowadai, tena yeye ndiye mtunza hazina wa kikoba. Mwanamke wa hivyo akiamua kutoroka, wa kwanza kumfuata Ulaya watakuwa wanakikoba. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwemo kwenye bahasha! Kilichokuwemo ni meneja masoko. (Na hii Mwanza yetu ina udugu wa miji na Würzburg ya Ujerumani tangu 1966, na Tampere ya Finland pia. Ujumbe unaenda na kurudi, picha zinapigwa. Udugu huo haujafika Mwaloni.)

Baada ya kunyimwa, kishoka kaja na dawa mbili. Ya kwanza, aombe tena kupitia nchi nyingine ya Schengen na asiseme kama alishanyimwa. Wakuu, huu ni ushauri wa kumzamisha mtu. Maombi yanaingia kwenye mfumo wao wa pamoja wa taarifa za viza pamoja na alama za vidole, na yanakaa humo miaka mitano. Ukienda ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen wanakuona vilevile, sasa una kunyimwa na uongo juu yake. Na hakuna sababu ya kuficha, kwa maana kanuni yao yenyewe inasema kunyimwa huko nyuma hakutoshi kuwa sababu ya kunyimwa tena. Kila ombi linatakiwa kupimwa upya.

Ya pili, akate rufaa "kwa nguvu zote". Rufaa ya kutetea nini? Barua ya meneja masoko? Kukata rufaa juu ya karatasi ya kughushi ni kuwaomba waichunguze vizuri zaidi.

Rufaa ina mahali pake. Kama nyaraka zako ni za kweli na wao wamezisoma vibaya, au wamesema hukuleta kitu ambacho una risiti kwamba ulikileta, pinga, na upinge mapema maana muda unahesabiwa tangu ulipopewa uamuzi. Njia na muda unafuata sheria ya nchi iliyokunyima, usinakili ya rafiki yako. Uholanzi unaandika pingamizi ndani ya wiki nne. Ujerumani ile barua ya kuuomba ubalozi ufikirie upya waliifuta kuanzia tarehe 1 Julai 2025, imebaki kuomba upya au kwenda mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Bado kuna watu mitandaoni wanauza mifano ya barua hiyo iliyofutwa. Uingereza wao wanakuandikia sababu kwa maelezo, angalau hilo, lakini mgeni wa kawaida hana rufaa, labda kwa hoja ya haki za binadamu. Kinachobaki ni ombi jipya, au mahakama ipitie uamuzi, na hiyo ni gharama ya kuuza kiwanja. Tena ukikutwa na udanganyifu kule unaweza kufungiwa miaka kumi. Marekani siigusi, mambo ya Watanzania kule yamebadilika sana tangu mwishoni mwa 2025, yanahitaji uzi wake.

Kwa mama mdogo tumeamua ombi jipya, na safari hii anakwenda kama muuza dagaa. Tunakusanya TIN, leseni ya biashara ya manispaa, leseni na vibali vya kusafirisha mazao ya uvuvi, miamala ya simu yenye muhuri, taarifa ya benki kama ilivyo bila hela ya kuazima, karatasi za nyumba, barua ya kikoba. Hela ya safari anatoa binti, basi isemwe hivyo na zije karatasi zake za mshahara na makazi. Nchi nyingine zina utaratibu rasmi wa mwenyeji: Ujerumani anakwenda ofisi ya wageni kusaini ahadi ya kubeba gharama, Ufaransa anachukua cheti cha kumpokea mgeni kutoka ofisi ya meya. Hizo zina uzito kuliko barua ya "mama yangu mpendwa".

Kilichotutoa jasho ni undugu. Cheti cha kuzaliwa cha binti kina jina la mama la nyumbani, pasipoti ina jina la ndoa. Kwa wengi wa huku Kanda ya Ziwa ndiyo hivyo, jina la shule moja, la ukoo jingine, la ubatizo jingine. Ikabidi twende RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, kisha kwa wakili kwa kiapo. Msipuuze hili, maana afisa asipoona kwamba huyu ni mama wa yule, safari nzima inakosa sababu.

Halafu barua ya maelezo, kurasa mbili, kwa Kiingereza kilichonyooka. Inaeleza biashara ya giza na mwezi, kwa nini benki ni kavu na simu imejaa, nani anabaki na mzigo akiwa safarini. Inasema wazi kwamba ombi la kwanza liliandaliwa na wakala, kwamba barua ya ajira haikuwa ya kweli na anaiondoa. Mjomba mmoja kapinga kweli kweli, anasema tunajipeleka wenyewe kituoni. Mimi nasema tayari wanajua, tiki ndiyo hiyo.

Mwenye uzoefu wa kuomba upya baada ya tiki ya nyaraka, aweke hapa alichoandika na alichojibiwa. Na nyie mnaokuja faragha na "nina mtu wangu ubalozini", piteni hivi. Huyo mtu wenu angekuwepo, msingehitaji printa.