Akifa mtu maarufu ajalini, eti "gari limedukuliwa". Mnatuchosha!

Wakuu, leo acha niseme. Mtu maarufu akipata ajali, hata moto haujazimwa, wazee wa njama wameshatoa hukumu: "Walimshikia usukani kwa kompyuta." Ukiuliza walimshikia kina nani, unaitwa kibaraka.

Halafu wote hukimbilia kwa Michael Hastings. Haya. Mwandishi wa habari wa Marekani, Juni 18, 2013, alfajiri, Los Angeles, Mercedes yake ikagonga mti ikawaka. Richard Clarke, aliyewahi kushughulikia usalama wa mitandao Ikulu ya Marekani, akasema ajali ile inafanana na shambulio la kompyuta ya gari. Kufanana! Hakusema ndilo lililotokea. Polisi hawakukuta dalili ya hujuma, ila hiyo sehemu huwa mnairuka.

Princess Diana wa Uingereza je? Paris, 1997: dereva amelewa, mwendo wa kutisha, Diana mwenyewe hakufunga mkanda. Jörg Haider, mwanasiasa wa Austria, aliyekufa ajalini 2008, alikuwa na pombe kichwani na mwendo wa zaidi ya kilomita 140 kwa saa mahali pa 70. Sasa hapo mdukuzi wa nini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tatizo lenyewe lipo, na nyie mnalichafua. Mwaka 2015 watafiti wa usalama wa kompyuta, Charlie Miller na Chris Valasek, waliingia kwa mtandao kwenye Jeep Cherokee ikiwa barabara kuu, wao wako nyumbani na laptop. Walipita kwenye redio ya gari iliyounganishwa na mtandao wa simu, kutoka hapo wakafika hadi kwenye mawasiliano ya ndani yanayogusa gia na breki. Dereva, mwandishi aliyekubali kujaribiwa, akakanyaga mafuta gari lisivute, malori yanamjia nyuma. Kampuni inayotengeneza Jeep ilikuwa imeshaambiwa miezi kadhaa kabla! Kelele zilipotoka hadharani ndipo ikatangaza magari milioni 1.4 yarekebishwe, na wenye magari wakatumiwa flashi kwa posta wakajiwekee programu mpya wenyewe. Flashi kwa posta, jamani, kwa kitu kinachogusa breki.

Hiyo ndiyo kesi ya kuwashikia watengenezaji shingoni. Ila ukiileta, mtu anakuja na majasusi na setilaiti, uzi unageuka kichekesho, na kampuni inapumua.

Magari mengi ya sasa yana kifaa kinachohifadhi sekunde kama 5 za mwisho kabla ya kugonga: mwendo, breki ilikanyagwa au la, mkanda ulifungwa au la. Sijawahi kuona mmoja wenu akidai taarifa hizo zitolewe.

Mwenye ushahidi aulete hapa. Zile video za dakika 2 zenye mishale myekundu na muziki wa kutisha, baki nazo.