Klabu inajiita ya michezo miwili ila magongo tunaachiwa makombo, kamati mnatuonaje??

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite salama. Naomba nitoe ya moyoni hapa maana nikiandika hivi kwenye grupu la wasapu la klabu natolewa leo leo, na mke wangu keshachoka kunisikiliza.

Kwa wasioko huku Ayalandi: wenyeji wana michezo yao miwili mikubwa chini ya chama kimoja, GAA, kilichoanzishwa Thurles mwaka 1884. Kuna futiboli ya Kigaeli, ule mpira mkubwa unakamatwa kwa mikono na kupigwa teke, halafu kuna hurling, mchezo wa magongo, 15 kwa 15, kila mtu na gongo lake la mti wa ash na kile kimpira kigumu wanaita sliotar, ukipepesa macho kimeshakupita sikioni. Ukipitisha juu ya mwamba pointi moja, ukiingiza wavuni goli, pointi tatu. Mwaka 2018 UNESCO wakauweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na kwenye hotuba usiseme, kila kiongozi akishika maiki ni "mchezo wa mababu zetu". Sasa shuka huku chini kwenye klabu za mtaani, tena kwenye kaunti ya futiboli kama hii yangu (siitaji, huku ukitaja rangi ya jezi tu watu wanajua mpaka geti lako), uone hao mababu wanavyoheshimiwa.

Jumatano ndio siku yetu. Chini ya miaka 11, magongo, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nafika na mabegi, uwanja umefungwa kamba, nauliza naambiwa nyasi zinapumzishwa, wakubwa wa futiboli wana mechi Jumapili. Sawa, nikasema twende kule kwenye nyasi bandia. Kule wapo chini ya miaka 13, futiboli, ambao siku zao ni Jumanne na Alhamisi na Jumamosi, ila wiki hii wameongezewa na Jumatano kwa sababu wana kombe. Basi watoto wangu mimi wakapelekwa nyuma ya vyumba vya kubadilishia, kwenye parking, kuna kontena la vifaa, eti wapigie pale ukutani. Kwenye lami!! Kimpira kikigonga lami hakirudi kinakotakiwa, kinaruka kinavyojisikia, na dogo mmoja akapiga vizuri tu, mkono umenyooka, mguu umekaa, kikapiga kontena kikaenda kuvunja saidimira ya gari. Usiku huo huo meseji ikaingia kwenye grupu: "wazazi wa magongo tunaomba muwe makini na mali za watu." Wazazi wa magongo! Aliyetupeleka parking nani? Na hela ya kioo ikakatwa kwenye fungu letu la vifaa, msidhani natania.

Nikaenda kikaoni. Mzee mmoja wa kamati, mtu mzima namheshimu, kachezea kaunti futiboli enzi zake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba hakuna anayeyachukia magongo, tatizo watoto wenyewe hawaji. Wakuu hapo ndipo nilipopandwa. Mwezi wa tatu walikuja zaidi ya 20, wengine magongo yamewazidi urefu, wana moto balaa. Wiki ya pili imefutwa, mvua. Wiki iliyofuata imefutwa, uwanja umechukuliwa. Halafu Pasaka. Halafu tukahamishiwa Ijumaa bila taarifa na wengine wakaja Jumatano wakakuta geti limefungwa wakalia. Sasa hivi wakija tisa nashukuru Mungu. Unamnyima mtoto chakula mwezi mzima halafu unaandika kwenye ripoti kwamba hana hamu ya kula?

Na watu wasioshika gongo hawaelewi kitu kimoja. Futiboli mtoto akikosa wiki tatu anarudi, anakimbia, anapiga teke, maisha yanaendelea. Magongo hapana. Hapa huruhusiwi kuokota kimpira chini kwa mkono, lazima ukinyanyue kwa gongo, yaani uiname, upitishe ile ncha bapa chini ya kimpira kwa haraka, kidunde juu, ukidake kwa mkono mwingine, na yote hayo kuna mtoto mwenzio anakuja mbio na gongo lake amelivuta nyuma. Asipoinama vizuri anakikosa, akikikosa anaumizwa vidole, akiumizwa vidole mara mbili wiki ijayo yuko kwenye futiboli. Mkono wa magongo unataka kugusa kimpira kila siku, ukutani kwao, njiani, popote. Kilkenny watoto wanaenda shule na magongo mkononi, ndio maana kaunti ile ina ubingwa wa Ayalandi mara 36. Sisi tunataka mtoto ajifunze kwa dakika 50 za Jumatano kama nyasi hazijachoka.

Halafu Kilkenny hao hao hawana hata timu ya futiboli kwenye ligi ya taifa, na hakuna anayeona aibu, wamechagua wakasema wazi. Mimi sina tatizo na klabu ikisema sisi ni wa futiboli, full stop, ningempeleka mwanangu kwingine hata kama ni nusu saa ya gari. Ninachokasirikia ni kujiita klabu ya michezo miwili kwenye geti, kwenye jezi, kwenye fomu ya kuomba ruzuku, halafu mmoja unalala nje.

Naskia na ile hoja ya kalenda. Ni kweli kalenda ngumu, sikatai. Tangu 2022 msimu umegawanywa, timu za kaunti zinamaliza Julai ndipo klabu zinapewa nafasi yake, na huku kwetu wakubwa ni vijana wale wale wanaocheza yote mawili, wiki hii futiboli wiki ijayo magongo. Kwenye karatasi ni haki sawa. Kiutendaji futiboli ikishinda robo fainali basi mazoezi ya magongo ya wiki nzima yanafutwa "ili vijana wasiumie", lakini sijawahi kuona mazoezi ya futiboli yamefutwa ili mtu asiumie kwenye magongo. Wanaingia uwanjani Jumapili hawajashika gongo siku kumi, wanapigwa pointi ishirini na kitu, jioni baa wanasema unaona, huu mchezo sio wetu. Na tangu 2025 futiboli imeletewa sheria mpya za ile kamati ya Jim Gavin, kocha wa zamani wa Dublin, ukipiga kutoka nje ya mstari wa mita 40 unapata pointi mbili, mchezo umechangamka, watu wamerudi viwanjani, mimi mwenyewe naangalia na napenda. Ila kila futiboli inapochangamka huku kwetu anayelipa ni magongo.

Binti yangu ndio usiseme kabisa. Kamogi, yaani magongo ya wanawake, ina chama chake, futiboli ya wanawake ina chama chake, wote hao sio GAA, na ratiba zao hazisalimiani, kwa hiyo mtoto mmoja anaitwa mechi mbili Jumamosi moja, saa ile ile. Vyama vitatu wanasema wataungana 2027. Kamogi yenyewe ilibidi ifike Mei 2025 ndio wanawake wapigiwe kura waruhusiwe kuvaa kaptura badala ya kale kasketi kao, kwa hiyo huo muungano nitauamini nikiuona.

Tuje kwenye hela maana ndio kisingizio kingine. Kweli magongo ni ghali. Helmeti ni lazima kwa kila mchezaji tangu 2010, na nzuri inafika yuro 80 hivi. Gongo la ash linavunjika, na mtoto akirefuka linakuwa fupi unanunua jingine. Juu ya hapo miti yenyewe inakufa, ule ugonjwa wa ash ulionekana nchini 2012 na umeshasambaa kote, mbao nyingi zinatoka nje ya nchi, mafundi wengine wamehamia mianzi na wengine plastiki. Sawa. Sasa njoo ufungue kontena letu: futiboli ina mabegi ya mipira mipya, bado ina harufu ya dukani. Sisi tuna ndoo. Ndani ya ndoo kuna magongo ya watu waliostaafu, bati la kwenye ncha limelegea misumari inachungulia, gripu imebanduka mtoto akishika mkono unanata gundi, na helmeti nne ambazo tunaazimana zikiwa na jasho la mwenzio. Mzazi mgeni akija na mwanae, tuseme Mkongo au Msomali au sisi Waswahili, ambaye hana yuro 80 ya kujaribisha kitu asichokijua, anaangalia hiyo ndoo, anaangalia mipira mipya pale ng'ambo, nyie mngechagua wapi?

Na hapo ndipo wananiudhi zaidi maana kila mwaka wanapiga picha na watoto wetu wanaweka kwenye ukurasa wa klabu, ooh tunakaribisha wote. Kuna jamaa anaitwa Zak Moradi, Mkurdi, kazaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Iraq, kaletwa Leitrim 2002 akiwa mtoto, hajui gongo ni nini. Kajifunzia huko huko. 2019 alikuwa kwenye kikosi cha Leitrim kilichoifunga Lancashire ya Uingereza pale Croke Park, uwanja mkuu wa GAA Dublin, wakachukua kombe la Lory Meagher, lile la magongo la kaunti za daraja la chini. Leitrim, kaunti ndogo, ya futiboli, klabu za magongo unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja! Mnajua kilichofuata? 2023 likaja pendekezo kutoka juu kwamba kaunti zenye klabu chache za magongo zitolewe kwenye ligi ya taifa: Cavan, Fermanagh, Leitrim, Longford na Louth. Eti hela ya timu za kaunti iende kufundisha watoto. Watu wakapiga kelele wakalirudisha kabatini, lakini wazo lenyewe lipo vichwani mwa kamati nyingi mpaka leo: hawa wachache, tunawabeba wa nini. Ukimwondolea mtoto wa Leitrim jezi ya kaunti, huyo kocha mpya anamfundisha afike wapi?

Najua kuna watakaosema haiwezekani, kijiji kidogo hakiwezi kubeba yote mawili. Slaughtneil ni wapi? Derry, kaunti ya futiboli, shamba kabisa, 2016 walichukua ubingwa wa klabu za jimbo la Ulster, wa futiboli, wa magongo NA wa kamogi, mwaka mmoja. Cuala wa Dalkey walichukua klabu bingwa ya Ayalandi kwenye magongo 2017 na 2018, Januari 2025 wakachukua ya futiboli. Sawa Cuala ni Dublin, wana watu na hela, nakubali. Slaughtneil je?

Na yule atakayeniambia mimi mgeni nafundisha wenyewe mchezo wao: walipokosa kocha wa magongo wa watoto walizunguka klabu nzima, waliocheza enzi zao wote "wana majukumu", wakaishia kwangu, mtu niliyekulia golini Mwananyamala na nikajifunza kushika gongo kwa kuangalia YouTube jikoni, nikavunja na glasi. Nikafanya kozi yao, nikachunguzwa na polisi wao kama kila anayefundisha watoto, nikalipa uanachama. Mechi za ugenini naendesha mimi. Kwa hiyo nitasema.

Mkutano mkuu wa mwaka ni Desemba na nimeshaandika hoja, nimepata na wa kuniunga mkono, mama mmoja mkali kweli kweli kutoka Tipperary aliyeolewa huku, anaudhika kuliko mimi. Tunataka Jumatano iwe ya magongo tu, uwanja wa nyasi, isihamishwe na mtu yeyote bila kikao, na siku hiyo hakuna mazoezi ya futiboli ya umri huo huo. Tunataka na fungu la helmeti za kuazimisha wageni msimu wa kwanza. Hatujaomba uwanja mpya.

Kwa hiyo wale mlioko Cork, Galway, Dublin, Antrim, kokote ambako klabu inacheza yote na haijafa, naomba mniwekee hapa ratiba ya wiki ya watoto wenu, nani anapata uwanja siku gani na nani anaamua zikigongana. Hata picha ya ubao wa klabu inatosha, nikiingia kwenye kile chumba nataka niwe nayo mkononi. Wa "si urudi kwenu" nawafahamu, nyuzi nyingine zipo nyingi, nendeni huko.